Siku Niliyokutwa Nimelala kwa Asumini

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana mkasa huu ukisimuliwa huku kwetu Mtopanga kila mtu hujifanya alikuwepo, hata walioolewa huku baadaye, hata ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa. Nilikuwepo mimi, Mwanahamisi binti Omari, Mama Saidi, na laiti ningekuwa pahali pengine. Alikuwepo mume wangu, Athmani Juma, fundi wa bandarini aliyestaafu. Alikuwepo wifi yangu Zuhura, dadake Athmani tumbo moja, ambaye nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu alilolitoboa yeye. Alikuwepo jirani yetu Mama Mumbua, Mkamba wa Machakos, mumewe akifanya kazi kiwandani, na katika sisi wanawake wa mtaa yeye peke yake ndiye aliyekulia na ng'ombe. Alikuwepo Daktari Katana wa mifugo, kijana mpole, mrefu, wa kuzungumza huku akitazama chini. Na walikuwepo wafugaji wa Likoni waliokuja naye, majina yao yote ninayo lakini nitamtaja mmoja tu kwa kuwa ndiye aliyenimaliza, Mzee Nassoro wa Mtongwe, mkwe wangu, baba wa kijana aliyemuoa binti yangu Saada.

Na Asumini alikuwepo. Asumini ni ng'ombe.

Aibu yenyewe naitoa mapema niwe nimeitua. Nilikutwa mchana kweupe nimelala kwenye kitanda cha ng'ombe, kichwa wazi, leso moja kifuani, gunia bichi juu ya tumbo, na mkwe wangu amesimama miguuni pangu. Sasa niwaelezeni nilivyofika huko, msije mkadhani nilikuwa na wazimu. Sikuwa na wazimu, nilikuwa na wivu.

Athmani alipostaafu, miaka ya tisini ilipoanza anza, hakutaka duka wala hakutaka kukaa barazani na wenziwe kupiga dhumna, akataka ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, wanaofungiwa bandani na kuletewa majani. Akamleta mweusi mwenye mabaka meupe, pembe fupi, na kope ndefu ambazo mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa nazo. Akamwita Asumini. Sasa nyinyi mnaonisoma mtasema jina tu, lakini nilipokuwa bibi harusi Athmani alikuwa akitoka kazini huniletea maua ya asumini yaliyotungwa, ya kutia nywelini, na chumba kikanukia hata alfajiri. Maua yale yalikoma lini sikumbuki, mimi ninayekumbuka kila kitu, nadhani yaliisha kidogo kidogo kama sabuni. Na jina lake likaenda kwa ng'ombe.

"Baba Saidi," nikamwuliza, "majina ya ng'ombe yamekwisha?"

"Ni jina zuri," akasema, "na yeye ni mzuri."

"Na mimi je?"

"Wewe si una jina lako."

Basi nikanyamaza. Hapo bado nilikuwa nikiweza kunyamaza kwa hiari yangu.

Likaja joto. Sisi watu wa pwani joto la kaskazi twalijua, hatulistaajabii, lakini la mwaka ule lilikuja likakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mvua zikakataa. Usiku haukupoa, ukuta ukiugusa ni wa moto, maji ya mtungi ya moto, mto wa moto. Asumini akaanza kuhema, ulimi nje, udenda unamtiririka, majani akayanusa akayaacha, na maziwa yakapungua mpaka Athmani akawa anatazama ndani ya ndoo kama aliyedondosha kitu.

Wifi yangu Zuhura akasema ni kijicho, afukiziwe. Mama Mumbua akasema, "Hakuna kijicho hapa, huyu ng'ombe anachomeka tu." Athmani akamwita Daktari Katana.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko langu, naye Daktari amechuchumaa ubavuni mwa Asumini amemwekea mkono, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Alisema hivi: "Mzee, huyu hana ugonjwa. Ni joto. Joto la siku moja mwili hulistahimili, lakini hili lisilokwisha, mwili hulichukulia kama adui. Kuna kitu chaitwa homoni. Juu ya mafigo kuna tezi ndogo, na mnyama akishtuka, tuseme amefukuzwa na mbwa, hizo tezi huimwaga homoni kwenye damu ili apate nguvu za kukimbia. Mbwa akienda zake, nayo hutulia. Sasa huyu mbwa wake ni joto, na joto haliendi. Homoni inamwagwa tu, mchana na usiku. Yeye amesimama hapa lakini mwili wake uko mbioni. Ndiyo maana hali, halali, na maziwa hayaji."

Nikauliza nikiwa pale pale mlangoni, "Ni ng'ombe tu, Daktari?"

"La, mama. Ni wanyama wote wanaonyonyesha watoto wao. Mbuzi, paka, hata panya."

"Wote?"

"Wote."

Nikamtazama Athmani. Nilitaka ageuke, basi, ageuze shingo tu anitazame mimi niliyemnyonyeshea watoto wanane chini ya mabati ya nyumba yetu, jasho likinitiririka mpaka mtoto ziwa linamponyoka mdomoni. Athmani akamtazama Asumini. Akasema, "Maskini wa Mungu."

Tangu siku ile, jamani, mambo niliyoyaona. Akang'oa mabati ya banda la Asumini akaliezeka makuti, apate ubaridi. Na mabati yale aliyoyang'oa, ya moto kama kikaango, akaja kuyapigilia jikoni kwangu, kwa kuwa makuti ya jiko yalikuwa yamechakaa, na akashuka kwenye ngazi anapangusa mikono, uso ni wa mtu aliyenifanyia hisani. Akamletea Asumini mchanga laini wa kulalia. Akamtundikia magunia mlangoni, akawa anayalowesha ili upepo ukipita uingie bandani umepoa. Akamwogesha asubuhi, akamwogesha adhuhuri, akamwogesha alasiri, akizungumza naye, "Haya mama, geuka, haya mwanangu, na huku." Mimi nikimwambia nisugue mgongo asema mkono wauma.

Halafu akachukua feni.

Feni ile ilikuwa yangu. Saidi, mwanangu wa kwanza, alipokuwa Jeddah alinitumia kwa jina langu, na kwenye boksi pameandikwa Mama. Ilikuwa ya kusimama, yenye kugeuza shingo huku na huku, na katika joto lile ndiyo iliyokuwa raha yangu ya pekee. Nikarudi kutoka msibani siku moja nakuta chumbani pahali pake pako wazi, na waya umepita dirishani, umevuka ua, umeingia bandani. Nikafunua gunia. Feni yangu imefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya nailoni, inampepea Asumini, naye amefumba macho na masikio yanapeperuka.

"Baba Saidi, hii ni nini?"

"Ni kwa muda tu, mpaka mvua."

"Na mimi?"

"Wewe una dirisha."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikufichi msomaji wangu, nilipiga kelele za kusikika mpaka kwa muuza samaki, nikamwambia amwoe basi, awaite mashahidi, amtolee mahari kabisa nijue moja. Zuhura akatia mdomo kwenye tundu lake la ua akasema, "Wifi, polepole, mwenzio amelala." Siku za kwanza nilikuwa hivyo, naamka na hasira, nalala na hasira, moyo unanidunda kama niliyekimbia, na usingizi sipati, niko kitandani macho kodo nasikia feni yangu inavyolia huko nje. Kisha nikanuna, chakula nikakipakua bila salamu. Kisha, sijui ilikuwaje, ikaniishia. Nikawa sisemi, sili sana, sitoki, harusini siendi, nikiulizwa najibu ndiyo, nikiombwa nafanya. Athmani akawa anawaambia watu barazani, "Mama Saidi siku hizi ametulia, alhamdulillahi, amezoea." Nikamsikia. Sikuwa na nguvu hata ya kumpinga.

Na Zuhura haachi. Nikianika nguo, sauti inatoka tunduni: "Wifi, mke mwenzio ameshaoga?" Nikipepeta mchele: "Wifi, leo ana zamu nani?" Wanawake wa mtaa wakacheka, na mimi nikacheka nao, cheko lile la meno tu.

Basi ikaja siku yenyewe. Daktari Katana alikuwa amewasifia wafugaji wa Likoni jinsi Athmani anavyomtunza ng'ombe wake kwa joto lile, nao wakataka kuja kujionea na kusomeshwa. Athmani akafurahi kama aliyeambiwa atapigwa picha. Akaniambia, "Mama Saidi, wageni watafika alasiri, wamo na Mzee Nassoro mkweo, fanya mahamri na mbaazi, na chai ya iliki." Akavaa kanzu nyeupe, akenda kuwangojea barabarani.

Nikakaa jikoni, chini ya mabati ya Asumini, mafuta ya moto mbele yangu, kuni zinawaka, jua la adhuhuri utosini. Mahamri hayatoki vizuri ukiyaacha, kwa hivyo huwezi hata kutoka nje kuvuta pumzi. Nilikuwa nakaanga na jasho linadondokea miguuni, na kila nikiinua macho naona lile gunia bichi linapeperuka mlangoni mwa banda, linapeperuka kwa upepo wa feni yangu. Nikamaliza kukaanga. Nikayapanga mahamri kwenye sinia, nikayafunika kwa kawa, nikayaacha mlangoni mwa jiko. Alasiri ilikuwa bado. Nikajiambia, hebu nikachukue feni yangu, nijipepee kidogo tu, kisha nairudisha, hakuna atakayejua.

(Ningalisema, nioge maji ya baridi nikae kivulini, mkasa usingalikuwepo. Lakini nilitaka feni yangu.)

Nikaingia bandani. Jamani, kule ndani kulikuwa baridi. Nilisimama nikasahau hata nilichokijia. Nikajaribu kufungua feni, kamba imekazwa kifundi, fundo juu ya fundo, vidole vina mafuta vinateleza. Nikasema haina haja, nitakaa hapa hapa chini yake. Lakini Asumini amelala kwenye mchanga, amejaza banda zima, ananitazama na zile kope.

Nikamfungua. Nikamtoa nje, nikamfunga kwenye kisiki kilichokuwa katikati ya ua, juani, nikamwambia, "Na wewe onja kidogo." Nilimwambia kwa sauti, na mpaka leo sijui kama Zuhura alinisikia. Nikamfunga kama nifungavyo mzigo wa kuni, maana fundo jingine silijui. Kisha nikarudi ndani, nikavua mtandio, nikavua gauni nikabaki na leso, nikachota maji ya Asumini nikajimwagia, nikavuta gunia moja bichi nikajiwekea tumboni, nikajinyoosha kwenye ule mchanga. Feni ikaja usoni, ikaenda zake, ikarudi. Nikasema nitahesabu inavyokuja na kwenda. Usingizi ambao sikuuona tangu kaskazi ianze ukanichukua mara moja.

Na feri ya kuwavusha kutoka Likoni, kwa bahati yangu mbaya, siku ile haikuwa na foleni. Wageni wakafika mapema.

Nilizinduka kwa sauti ya Athmani. Ilikuwa karibu kabisa, nje ya gunia la mlangoni, na ilikuwa ile sauti yake ya kuhutubia, aliyokuwa akiitumia kwenye mikutano ya kazini. "Sasa wenzangu, siri yote iko humu ndani. Mimi huyu namtunza kama roho yangu. Nimemwogesha kwa mkono wangu asubuhi. Nimemlaza pahali laini. Namuwekea feni. Mtazameni wenyewe alivyotulia." Na akavuta gunia huku uso wake bado uko kwa wageni, anataka kuona watakavyostaajabu.

Wakastaajabu.

Athmani akadhani kile kimya ni cha kuvutiwa, akaendelea, "Na hapo bado hajakamuliwa."

Nami nimelala, nimefumbua macho, naona kofia na ndevu zimejaa mlangoni, na wa mbele kabisa ni Mzee Nassoro. Mkwe wangu ni mtu wa adabu, hajawahi kuniona bila buibui, hata chai nilikuwa nikimwandalia akipewa na mtoto. Adabu yake ikamchanganya. Mtu mwingine angekimbia. Yeye akanisalimu. "Masalkheri, mkwe," akasema.

Na mimi nimelelewa, salamu siiachi, nikajibu palepale nilipolala, "Masalkheri, mkwe, karibuni."

Hapo ndipo akageuka, akageuka kwa nguvu mno akapiga paji la uso kwenye nguzo, kofia yake ikatumbukia kwenye ndoo ya Asumini. Wengine wakarudi nyuma, mmoja akamkanyaga mwenziwe, Daktari Katana akatazama chini kama kawaida yake lakini chini ndipo nilipokuwepo, ikabidi atazame makuti. Athmani akageuka mwisho. Akanitazama, akasema, "Asumini yuwapi?"

Nawaambia ukweli, katika yote ya siku ile, mkwe, kichwa wazi, mchanga mashavuni, hakuna lililonichoma kama hilo. Kaniona nimelala bandani kama mgonjwa, na neno la kwanza likawa lile.

Kabla sijajibu, ikaja sauti ya Zuhura kutoka ndani ya nyumba yangu (alikwisha ingia, sijui kwa mlango gani). "Kaka, njoo umtazame bibi harusi, yuko ukumbini amejitanda shela, akungoja wewe tu."

Fundo la kuni, kumbe, ng'ombe hulifungua kwa kuvuta mara moja. Asumini alikuwa amejifungulia, akafunua kawa, akala mahamri yangu yote, sinia likawa jeupe kama limeoshwa. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, akaingia kwa mlango wa uani, na pazia la mlango wa chumba changu likamnasa kwenye pembe likamfunika mpaka puani. Amelala ukumbini kwenye sakafu ya simiti, katikati, miguu ameikunja, anacheua.

Mama Mumbua, Mungu ampe kila la heri, alikuja mbio na leso yake akanifunika, akasema kwa sauti ndogo, "Amka mama, usilie hapa, utalia baadaye kwangu." Akaniinua, na njia ya kutoka bandani kwenda chumbani kwangu ni moja tu, yapita ukumbini. Nikaingia nakuta wageni wote wamejipanga ukutani, Asumini katikati na shela lake, Athmani anamvuta kamba, ng'ombe hataki.

"Mwache, mzee," Daktari Katana akasema. "Amechagua vizuri. Sakafu ni ya baridi na upepo wapita mlango kwa mlango."

Zuhura akadaka, "Hongera kaka. Mmoja amehamia nyumbani, mmoja amehamia bandani, sasa wewe mwenyewe walala wapi?" Watu wa Likoni walikuwa wamejizuia, lakini hapo wakashindwa, wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Na Athmani, mtu anayependa sifa, akachekwa mbele ya wageni wake, akanigeukia mimi.

"Umeniaibisha, Mama Saidi. Ulikuwa umeshatulia, umekuwa mtu mzuri, leo umeingiwa na nini?"

Nilikuwa na leso ya Mama Mumbua kichwani na mchanga mdomoni. Mzee Nassoro, uso kaupeleka mlangoni asinione, kofia inamtiririka maji mkononi, alitaka tu kubadilisha mazungumzo, masikini, akamwuliza Daktari, "Hebu tueleze. Ng'ombe wangu joto lilipoanza alikuwa na fujo, ahema, apiga ndoo mateke. Sasa ametulia kimya. Si ndiyo amezoea?"

Daktari akafikiri. "Yaweza kuwa amezoea, mzee. Lakini usidhani kila aliyetulia ana raha. Ile homoni niliyowaambia, mwanzo wa joto hupanda. Joto likidumu sana, mwili hauwezi kukaa mbioni siku zote. Homoni hurudi chini, mara nyingine chini kuliko ilivyokuwa. Mwili unapunguza kila kitu ili usijiongezee joto. Mnyama anakula kidogo, anatembea kidogo, hapigi teke. Ukimtazama utasema ameridhika. Kumbe ameacha tu kudai."

Asumini akazidi kucheua.

Mimi sikusoma zaidi ya kitabu cha kwanza, lakini lile nililielewa kuliko wote waliokuwepo. Nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa kuwa sikuwa nimeisikia siku nyingi, "Daktari, na hilo nalo ni kwa wanyama wote wanaonyonyesha?"

"Wote, mama."

"Basi rudia. Rudia mume wangu asikie."

Na yule kijana, anayezungumza huku akitazama chini, akainua macho akamtazama Athmani, akarudia, polepole, tangu mwanzo wa joto mpaka pale pa kuacha kudai. Hakuna aliyecheka. Zuhura mwenyewe alijifanya anatengeneza pazia. Athmani aliiachia ile kamba, akakaa kwenye kiti, akanitazama, na mimi nikaingia chumbani nikafunga mlango ambao haukuwa na pazia.

Wageni walikunywa chai na mbaazi bila mahamri.

Habari haikukawia. Ilifika Kisauni kote kabla ya magharibi, ikavuka feri na watu wa Likoni, na binti yangu Saada akaja mbio asubuhi yake akilia, "Mama, baba mkwe hataki kusema alichokiona, amesema tu nikuombee dua." Nilipoanza kwenda harusini tena waliniuliza kama nitandikiwe mkeka au mchanga. Mzee Nassoro kwa muda mrefu akija kwangu alikuwa akikohoa tangu barabarani, nipate kujisitiri.

Lakini niwaambie la siku ya pili. Adhuhuri, jua lile lile, niko jikoni na mkaango. Nikamwona Athmani anatoka bombani na ndoo ya maji. Nikainamisha kichwa, nikajua anapita kwenda bandani. Hakupita. Akasimama mlangoni mwa jiko, akasema, "Mama Saidi, toa miguu."

Nikaitoa. Akanimwagia, taratibu, kidogo kidogo mpaka ndoo ikaisha, na kule tunduni kwenye ua naona jicho la Zuhura limeganda. Hakuniomba radhi, Athmani si mtu wa kuomba radhi. Akaenda akaleta ngazi, akapanda, akaanza kuyang'oa yale mabati, moja moja. Feni akaifungua nguzoni, akaiweka uani, baina ya jiko langu na banda la Asumini, ikawa inageuza shingo, mara kwangu, mara kwake, kama mtu mwenye wake wawili anayemcha Mungu. Nami nilikuwa nikiitazama sana, kama kule haikawii zaidi.

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri. Kulala pahali pa mwingine sitalala tena, hata niwe nafa kwa usingizi. Na nikisikia joto nasema, siku ile ile, kwa sauti, singoji liniingie mpaka nionekane nimetulia. Wajukuu zangu waniona mpiga kelele, na wawe na subira.

Athmani ametangulia mbele ya haki, na Zuhura pia, Mungu awarehemu. Mama Mumbua alirudi Machakos na mumewe. Kwa hivyo wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na aliyekuwepo, kama nimekosea nisahihishe. Yamkini kofia ya Mzee Nassoro haikutumbukia ndooni bali majanini. Yamkini mahamri hakuyala yote. Niambie, nitabadilisha. Lakini kama kuna anayekumbuka kwamba ile adhuhuri ya siku ya pili Athmani alimwogesha Asumini kwanza, ndipo akaja kwangu na ndoo, huyo namuomba anyamaze.